Ukumbi wa sanaa Iringa mjini: tuuendesheje usigeuke duka la watalii?

Gangilonga:

Kamwene wakuu. Tuko kikundi cha wachoraji na wasusi, tumepata chumba cha kupanga karibu na Soko Kuu hapa Iringa. Mita 6 kwa 9, dari la jipsam urefu wa mita 3, ukuta wa tofali za kuchoma uliopigwa lipu, madirisha mawili makubwa upande wa kaskazini, mlango mmoja wa kioo unaotazama barabara. Kodi laki nne kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo.

Mjini tayari kuna makumbusho ya Boma, kuna Neema Crafts (karakana na duka la kazi za mikono), kuna wauza vikapu wa kila kona. Hatutaki kurudia wanachokifanya. Tunataka mahali pa kuonyesha kazi za watu wa huku, mwanafunzi wa Kihesa na mama wa sokoni waingie bila kuhisi wamekosea mlango. Naomba mwongozo wa mambo matatu: chumba chenyewe kiandaliwe vipi, pesa ya kukiendesha itoke wapi, na tufanye nini mji uone kwamba ukumbi huu ni wake. Wenye uzoefu tafadhali mje na vipimo. "Kila la heri" tumeshapewa za kutosha.

---

Fundi_Maonyesho:

Nianze na madirisha, maana hapo ndipo kazi zenu zitakapofia.

Vitabu vingi vya sanaa vimeandikwa Ulaya na vinasema mwanga mzuri ni wa dirisha la kaskazini. Kwetu ni kinyume. Iringa iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Aprili hadi Agosti jua linapita upande wa kaskazini na litaingia ndani moja kwa moja kupitia hayo madirisha yenu. Hiyo ndiyo miezi ya anga jeupe isiyo na mawingu. Rangi za maji, picha zilizochapwa na milulu (majani ya kusukia vikapu) iliyotiwa rangi vitapauka ndani ya msimu mmoja, na kilichopauka hakirudi. Msihangaike na mapazia. Zibeni madirisha kwa ndani kwa plaiwudi ya milimita 12 juu ya fremu ya mbao, muache nafasi ya sentimita 5 hivi kati ya mbao na kioo, na upenyo juu na chini ili hewa ipite. Pakeni rangi nyeupe isiyong'aa. Mtakuwa mmeokoa kazi na mmepata ukuta wa ziada.

Kabla ya kupaka, pimeni unyevu wa ukuta. Tofali za kuchoma hunyonya maji kutoka chini, hasa kama msingi haukuwekewa nailoni. Bandikeni kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 kwa utepe wa gundi pande zote nne, mkiache siku mbili. Mkikuta matone nyuma ya nailoni, ukuta una maji na rangi yoyote mtakayopaka itabanduka. Kipimo cha Septemba kitawadanganya. Cha kuaminika ni cha Februari au Machi. Ukuta wenye unyevu utundikwe tu kazi zilizo mbali nao kidogo: kwenye kona mbili za chini za kila picha, upande wa nyuma, gundisheni vipande vya ndala kuukuu vya unene wa sentimita 1. Hewa ipite nyuma ya picha, ukungu ukose pa kukaa.

Msitoboe ukuta kila onyesho. Baada ya maonyesho matatu lipu itakuwa imeoza kwa matundu. Fungeni reli moja ya mbao ya inchi 2 kwa 1 kuzunguka chumba kwa urefu wa mita 2.7, skrubu na plagi za plastiki kila sentimita 50, halafu picha zining'inie kwa waya wa chuma uliosukwa. Mshipi wa kuvulia ni rahisi lakini unavutika. Picha ya kilo 4 itashuka kidogo kidogo na safu yenu itaonekana imelewa.

Urefu wa kutundika: katikati ya kila picha iwe mita 1.5 kutoka sakafuni, bila kujali ukubwa wake. Hesabu ni hii: 150, jumlisha nusu ya urefu wa picha, toa umbali kutoka ukingo wa juu wa picha hadi waya ukiwa umevutwa. Picha ya sentimita 80 ambayo waya wake uko sentimita 8 chini ya ukingo: 150 + 40 − 8 = 182. Ndoano iwe sentimita 182. Pimamaji itumike kwa kila picha, jicho halitoshi. Picha za watu wengi huwekwa juu mno kwa sababu anayetundika yuko juu ya ngazi.

Chumba chenu kina ukuta wa mita 30 kuzunguka. Ukitoa mlango na kona zinabaki kama 26. Picha ya upana wa sentimita 60 na nafasi ya 50 hadi ya jirani yake inakula mita 1.1, kwa hiyo kazi 23 ndiyo mwisho. Mimi ningeweka 18. Kila msanii atataka kazi zake kumi zitundikwe. Kataeni.

Taa: reli za taa za LED, balbu za wati 7, kelvini 3000 (mwanga wa manjano kidogo), na kwenye boksi pawe pameandikwa CRI 90 au zaidi, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi. Zile za bei ya chini zina CRI ya 70 hivi, nyekundu ya picha inaonekana kahawia. Kwa dari la mita 3, reli ikae sentimita 85 hadi 90 kutoka ukutani. Hapo mwanga unafika katikati ya picha kwa mshazari wa nyuzi 30, haurudi machoni na kivuli cha mtazamaji hakiangukii kazi. Skrubu za reli ziingie kwenye mbao zilizobeba dari, jipsam peke yake itaachia. Kazi za karatasi na picha za kamera zisipate zaidi ya laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kazi), za mafuta na akriliki 150 hadi 200. Programu za simu za kupima mwanga hazina usahihi mkubwa, ila zitawaonyesha kama mmepitiliza mara tano.

Taa 16 za wati 7 ni wati 112. Saa nane kwa siku haifiki uniti moja ya LUKU. Umeme ukikatika, betri ya volti 12 ya Ah 100 na inveta ndogo vitawapa saa nne hadi tano mkiishia nusu ya betri, na mkiishia zaidi ya nusu mara kwa mara betri ya asidi haitamaliza mwaka.

---

Mkweli_Daima:

Mji wa watu laki mbili na kitu hauna wanunuzi wa picha. Hiyo laki nne fungueni mgahawa, mtanishukuru.

---

Mali_Kauli:

Mkweli_Daima hajakosea upande wa wanunuzi, amekosea kudhani ukumbi unaishi kwa kuuza picha. Twende kwenye hesabu. Niko Mbeya, mji mkubwa zaidi ya Iringa, na mantiki ni ileile.

Tuseme kodi 400,000, mlinzi na usafi 200,000, umeme, intaneti na karatasi 100,000. Laki saba kwa mwezi, hapo hakuna aliyelipwa mshahara. Tuseme bei ya wastani ya picha ni 300,000 na ukumbi unachukua asilimia 30: kila picha inayouzwa inawaachia 90,000. Mnahitaji kuuza picha nane kila mwezi ili tu mlango ubaki wazi, Februari yenye mvua ikiwemo. Usipange bajeti kwa ndoto hiyo.

Kinacholipa kodi mjini penye vyuo ni fremu za picha. Iringa mna Chuo Kikuu cha Iringa, Mkwawa, Ruaha Katoliki. Mahafali mengi huangukia mwisho wa mwaka, na kila familia inataka picha ya joho ukutani. Mashine ya mkono ya kukatia kona za nyuzi 45, kikata kioo, bunduki ya pini, na fundi mmoja anayejua kwamba milimita mbili zikizidi kona haifungi. Kazi hiyo iwe chumba cha nyuma au uani, vumbi la mbao lisiingie ukumbini. Pili, madarasa ya Jumamosi ya kulipia kwa watoto na watu wazima, watu 12 kwa meza mbili. Tatu, kukodisha ukumbi kwa mikutano midogo na usomaji wa mashairi. Nne, kadi na nakala ndogo zilizochapwa, za bei ya mtu anayepita. Picha ikiuzwa, hiyo ni nyama juu ya ugali.

Sasa mkataba na msanii. Wengi huku wanaacha kazi mali kauli, yaani walipwe ikishauzwa, kwa maneno tu, na ugomvi unaanzia hapo. Karatasi moja inatosha, nakala mbili, sahihi pande zote: orodha ya kazi kwa jina, vipimo (urefu kwanza, kisha upana), zana iliyotumika, bei ya kuuzia, asilimia ya ukumbi, muda wa siku 90, nani analipa usafiri wa kuja na kurudi, kazi ikiharibika ukumbini inalipwa kiasi gani, na msanii analipwa ndani ya siku ngapi baada ya mnunuzi kulipa. Wekeni siku 14, kwa simu au benki, na ujumbe wa malipo uhifadhiwe. Punguzo lolote lisizidi asilimia 10 bila kumpigia msanii kwanza. Siku 90 zikiisha achukue kazi zake. Ukumbi usio na kifungu hicho unageuka stoo ndani ya mwaka.

Kifungu kinachosahaulika zaidi ni bei moja kila mahali. Msanii akiuza picha ileile nyumbani kwa 180,000 wakati ukumbini imeandikwa 300,000, mnunuzi atakuja kwenu kutazama na atanunua kwake. Mmekuwa kioo cha duka la mwingine, na kodi mnalipa nyie.

Haki ya kazi inabaki kwa mchoraji hata baada ya kuuza. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Hoteli ikinunua picha haijanunua ruhusa ya kuichapa kwenye fulana na menyu. Waandikieni wanunuzi hilo nyuma ya risiti. Na kwenye mkataba, msanii awaruhusu kutumia picha ya kazi kwa matangazo ya onyesho tu.

Usajili: BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa jina la biashara au kampuni, TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya manispaa, na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kwa sababu mnaendesha shughuli za sanaa. Anzeni na afisa utamaduni wa manispaa, atawaelekeza hatua zipi zinaanza na mtakuwa mmejitambulisha kwake kabla hamjamhitaji. Mkiwa kikundi cha vijana au wanawake, ulizeni pia kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Ila huo ni mkopo. Usiwe wa kulipia kodi, uwe wa kununulia mashine ya fremu inayoweza kuurudisha.

Onyo la mwisho: mtu akija na mkuki wa babu au kigoda cha zamani akitaka mkiuze, msiguse. Vitu vya kale viko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Mwelekezeni Boma.

---

Mlulu:

Mali_Kauli kaongea yote ya pesa, mimi niongeze ya vikapu, kwa sababu naona Gangilonga anasema hataki kurudia wauza vikapu. Dada au kaka, hapo usikimbie. Kikapu cha milulu ndiyo sanaa ambayo Iringa inajulikana nayo nje, na mara nyingi ni sanaa isiyo na majina. Kinauzwa kwa rundo, aliyekisuka hajulikani. Ukumbi ukitundika vikapu kumi na tano, kila kimoja na jina la msusi, kijiji chake na bonde milulu ilikokatwa, mmefanya kitu ambacho maduka mengi hayafanyi. Jina liwekwe kwa idhini yake, na bei iwe ile aliyoitaja yeye kabla ya asilimia yenu.

Utunzaji. Milulu ni jani la bondeni, hunyonya unyevu upesi. Kuanzia Desemba hadi Aprili msipange kikapu ndani ya kikapu. Vikae vimeachana, ndani muweke karatasi nyeupe isiyo na wino ili visibonyee (magazeti yanaacha weusi). Ukungu ukitokea ni vidoadoa vya kijivu kwenye mkunjo wa chini. Toa nje kivulini penye upepo, siku mbili, halafu piga brashi laini kuelekea nje ya kikapu ukiwa umefunika pua. Usianike juani: rangi zinazotumika nyingi hazivumilii jua, zambarau na waridi ndizo za kwanza kukimbia. Usifute kwa kitambaa chenye maji, rangi itahamia kwenye milulu nyeupe.

Wadudu: ukiona unga laini chini ya kikapu au kigoda, kuna fukusi. Usipulizie dawa ya mbu. Funga kitu ndani ya mfuko wa nailoni, toa hewa, ziba kwa utepe wa gundi, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, mfuko usifunguliwe mpaka kesho yake, la sivyo umande utatanda juu ya milulu yenyewe badala ya nailoni. Friza za nyumbani zilizojaa nyama hazifiki baridi hiyo, kwa hiyo iwe tupu. Kigoda kilichopakwa rangi au kilichounganishwa kwa gundi kisiingie humo, rangi inaweza kubanduka. Kila kitu cha milulu au mti kinachoingia ukumbini kwa mara ya kwanza kikae chumba kingine wiki mbili kabla ya kuchanganywa na vingine.

Vyungu vya Wakisi kutoka Matema na Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, vitawafaa pia, na soko lake Lyulilo ni la Jumamosi. Vinachomwa wazi kwa nyasi na kuni, si kwenye tanuru, kwa hiyo udongo wake ni laini na unapitisha maji. Msiweke maua yenye maji ndani. Chini ni duara: kila kimoja kikae juu ya kata ya kitambaa kilichosokotwa, kama ile ya kubebea ndoo, na meza iwe na ukingo. Kwa barabara ya Tukuyu hadi Mbeya na kuja Iringa, vipangwe vikilala ubavu kwenye nyasi kavu, tabaka mbili tu, chungu kisigusane na chungu. Vinavyovunjika ni vya tabaka la tatu. Na visishikwe kwa mdomo wakati wa kubeba. Shika chini kwa mikono miwili.

---

Mwl_Michoro:

Nijibu swali la tatu, kwa sababu naona wenzangu wamelipita. Mji utaona ukumbi ni wake pale mtoto atakapomwambia mama yake "picha yangu iko pale." Hakuna tangazo la redio linalofikia hapo.

Boma limeshika historia: jengo lenyewe ni la 1900, la enzi ya Wajerumani, na Chifu Mkwawa wa Wahehe ana makumbusho yake Kalenga. Waachieni jana. Nyie chukueni leo: wachoraji wa vibao vya maduka na bajaji, mafundi wa kushona, wapiga picha wa studio za zamani, kazi za kidato cha nne wa somo la sanaa. Onyesho la wachora vibao linajaza ukumbi kuliko la mchoraji kutoka Dar, kwa sababu kila anayeingia anatambua angalau kibao kimoja.

Ratiba: maonyesho matano kwa mwaka, kila moja wiki nane, na wiki mbili za kubadilisha. Hiyo ni wiki 50. Msijaribu kila mwezi, mtachoka mwezi wa nne. Januari hadi Machi mvua, wageni wachache, shule zimefunguliwa: wekeni onyesho la wanafunzi. Juni hadi Septemba wageni wa Hifadhi ya Ruaha wanapita mjini, hapo wekeni kazi za kuuza. Mwisho wa mwaka ni mahafali na wazazi. Ufunguzi uwe Jumamosi saa tisa alasiri. Jumapili asubuhi ni ibada, na usiku wa Juni na Julai mji unaganda, watu wanakimbilia nyumbani mapema. Saa za kila siku: Jumanne hadi Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ili mwenye kibarua apate nusu saa ya kupita akirudi.

Ziara ya shule. Andika barua kwa mwalimu mkuu wiki mbili kabla, utaje idadi: wanafunzi 40, si zaidi. Usipotaja namba watakuja 90. Chumba cha mita za mraba 54 kinabeba 20 kwa amani, kwa hiyo gawa makundi mawili: moja ndani dakika 25, jingine nje likichora, kisha wabadilishane. Mtu mzima mmoja kwa watoto kumi. Mabegi yabaki mlangoni, maana begi la mgongoni ndilo linaloangusha chungu, mtoto mwenyewe anatembea vizuri tu. Penseli pekee, kalamu za wino hapana. Utepe wa gundi wenye rangi ubandikwe sakafuni sentimita 60 kutoka ukutani, na waambiwe vidole vya miguu visivuke. Anzeni na shule zilizo ndani ya kilomita mbili, watembee. Gari ndiyo gharama inayoua mipango hii.

Ndani, wanafunzi wasisomewe maelezo kwa pamoja kama kiitikio. Waulizeni maswali mawili tu mbele ya picha tatu: unaona nini, na kitu gani kwenye picha kinakufanya useme hivyo. Mwalimu asijibu badala yao. Dakika ya kwanza ni kimya, msiogope kimya hicho.

Maelezo ya ukutani yawe kwa Kiswahili kwanza, herufi za pointi 18, maneno yasizidi 60, na yawekwe kulia mwa picha, usawa wa ukingo wa chini. Jina, kazi, zana, vipimo, mwaka, bei. Bei iandikwe wazi. Ikifichwa, mama wa sokoni anadhani ni milioni na anatoka bila kuuliza.

Picha mbili tatu zishushwe hadi mita 1.15 katikati, kwa ajili ya darasa la kwanza na la pili. Fundi_Maonyesho atapinga.

Na kama mtafanya zoezi la kwenda kunakili michoro ya miambani ya Igeleke, watoto wasiguse mwamba wala kuumwagia maji ili rangi ikolee. Maji yanabeba rangi na kuleta chumvi juu ya mwamba. Baada ya miaka hakuna cha kunakili.

Daftari la wageni liwe na safu tatu tu: tarehe, mtaa au shule, idadi. Mkienda manispaa kuomba chochote, hizo ndizo karatasi zitakazosomwa.

---

Fundi_Maonyesho:

Sipingi mita 1.15, mradi ziwe ukuta mmoja peke yake. Zikichanganywa na za mita 1.5 kwenye ukuta uleule, safu inavunjika.

---

Hoteli_Kuta:

Kwa nini mlipe kodi? Kuta za hoteli na maktaba za vyuo ziko tupu. Tundikeni huko bure.

---

Mali_Kauli:

Kwa miezi ya kwanza inawezekana, na inapunguza hatari ya kulipa kodi ya miezi sita bila kujua kama kuna watazamaji. Ila hotelini hakuna mtu wa kuwajibika: vibandiko vya bei vinaanguka, picha inahamishwa kupisha runinga, mapokezi hawajui msanii ni nani. Na mtoto wa shule haingii hotelini. Mkifanya hivyo, pelekeni kazi zisizozidi tano, mtu mmoja wa kikundi apite kila Ijumaa na orodha mkononi, na meneja asaini kupokea.

---

Gangilonga:

Asanteni sana wakuu, tumechapa yote. Tutaziba madirisha wiki hii. Swali la dharura: mchongaji kaleta vinyago sita vya mpingo kutoka Mtwara, tumevipanga juu ya meza chini ya taa, na viwili vimeanza kupasuka toka chini kwenda juu. Tuweke nini kwenye ufa?

---

Fundi_Maonyesho:

Msiweke kitu kwa sasa. Huo mti ulichongwa ukiwa bado na maji, na hewa ya pwani ilikuwa inayazuia yasitoke. Iringa kipindi hiki cha kiangazi hewa ni kavu, nje unakauka haraka kuliko ndani, lazima upasuke. Mkijaza ufa leo, mvua zikija mti unavimba, ufa unataka kufunga, na kile mlichojaza kitasukuma mpasuko mpya pembeni.

Leo hii viondoeni vyote sita chini ya taa, hata vile vizima. Kila kimoja kwenye mfuko wake wa nailoni, ufungwe, utobolewe matundu matatu madogo, ukae chumba cha nyuma mbali na dirisha. Kila wiki ongezeni matundu matatu. Kila wiki pia pimeni uzito kwa mizani ya jikoni na muandike kwenye mfuko. Uzito utakuwa unashuka. Ukibaki uleule wiki tatu mfululizo, mti umezoea hewa ya huku. Kwa kinyago cha unene wa mkono tarajieni miezi miwili au zaidi. Hapo ndipo mnaweza kujaza ufa kwa unga wa mpingo uliochanganywa na gundi ya mbao, au mkauacha, maana wanunuzi wengi hawaujali ufa uliotulia wakielezwa.

Msipake mafuta ya kupikia, yanaoza na kukamata vumbi. Nta ya nyuki kidogo sana, isuguliwe kwa kitambaa.

Na kabla ya kuandika "mpingo" kwenye kibandiko, sugueni sehemu ya chini kwa kitambaa cheupe chenye spiriti kidogo. Kitambaa kikitoka cheusi sana na mti chini yake ni mwepesi wa rangi, hicho ni mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu. Bei ibadilike, na mchongaji aulizwe kabla mnunuzi hajauliza.